Fuwele ya Dirisha la Mashariki: Tunamuaga Bi Chumvi

Leo Ijumaa, tarehe ishirini na nane Novemba, mtunza maabara wa shule yetu anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne na miezi miwili. Saa nane mchana atalitundika koti lake jeupe kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa maabara ya kemia, kama alivyofanya kila siku ya kazi, isipokuwa safari hii koti halitashushwa Jumatatu asubuhi.

Orodha ya wafanyakazi ina jina lake kamili. Tukilitaja ukumbini leo, nusu ya watu watageuza shingo kumtafuta mgeni huyo. Wanafunzi walimpa jina la Bi Chumvi, walimu tukaliokota, na mwishowe hata mumewe, fundi umeme anayesifika kwa ubishi, akasalimu amri. Mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kwamba amekula chumvi nyingi. Bi Chumvi hukanusha. Husema yeye hakuila, aliitunza tu.

Anayetaka kumjua vizuri aingie maabara kabla ya kengele ya kwanza. Jua hupenya dirisha la mashariki, hupita kwenye chupa zilizopangwa rafuni, na sakafu yote hugeuka madoa ya buluu, ya kijani na ya rangi ya chai. Vumbi huelea ndani ya miale kana kwamba halina haraka ya kutua. Bomba la sinki la tatu hudondosha tone moja, hungoja, kisha hudondosha jingine. Katika ukimya huo utamkuta Bi Chumvi amesimama, kitambaa begani, akitazama kitu kimoja tu: mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, uliowekwa ukingoni mwa dirisha na kufunikwa leso nyeupe. Tutaufikia mtungi huo. Kwanza tuanzie alikoanzia yeye.

Aliajiriwa kuwa mfagizi wa jengo la sayansi. Wiki ya pili alifika kwenye rafu ya chini kabisa ya maabara, ambako mende walikuwa wameishi kwa raha bila kusumbuliwa, akakuta chupa nne za unga mweupe ambazo lebo zake zote zimeliwa. Mwalimu wa kemia wa enzi hizo, mrefu na msahaulifu, mtu wa kutafuta miwani aliyoivaa usoni, alikumbuka majina manne: chumvi, sukari, nta ya mshumaa iliyokunwa, na mchanga mweupe uliosagwa. Kipi kiko chupa ipi, hakukumbuka. Akachovya kidole kwenye chupa ya kwanza, akakipeleka mdomoni.

Kidole hakikufika. Mfagizi alikichapa kwa kitambaa cha vumbi na kusema maneno ambayo mwalimu yule aliyarudia kila mkutano hadi alipohama: "Mwalimu, ulimi si chombo cha maabara."

Kisha akaomba aachiwe alasiri moja. Alipasha moto unga kidogo kutoka kila chupa juu ya kifuniko cha bati. Akatia mwingine kidogo kwenye glasi za maji. Akaazima betri, balbu ndogo na vipande viwili vya waya wa shaba kwa fundi umeme kijana aliyekuwa akitengeneza feni za chumba cha jirani, akachovya ncha za waya katika kila glasi. Unga wa kwanza uliyeyuka upesi kwenye moto, lakini maji yaliukataa, ukabaki kuelea: hiyo ilikuwa nta. Wa pili uliyeyuka, ukawa kahawia na kunukia vizuri, ukapotea majini, ila balbu haikuwaka: sukari. Wa tatu moto haukuufanya kitu, ukapotea majini, na balbu ikawaka: chumvi. Wa nne haukujali moto, maji wala umeme, ukakaa chini ya glasi kama mpangaji aliyekataa kuhama: mchanga.

Jioni hiyo chupa zote nne zilikuwa na lebo mpya zenye herufi kubwa. Mwezi uliofuata mfagizi alifanywa msaidizi wa maabara, na baada ya miaka miwili ya masomo ya jioni akawa mtunza maabara kamili. Fundi umeme naye alirudi kudai waya wake mara nyingi kuliko waya wenyewe ulivyostahili, mpaka wazee wa pande mbili wakakutana.

Msomaji ambaye si mtu wa kemia atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini vitu vinne vyeupe vinavyofanana hivyo viwe na tabia zinazopishana kiasi hicho. Jibu limo katika namna atomu zinavyoshikana, na hilo ndilo somo ambalo Bi Chumvi ametusaidia kulifundisha kwa miaka yote hii. Naomba dakika chache nilieleze, maana bila hilo hamtaelewa ni nini kilichotaka kupotea mwezi huu.

Atomu ya sodiamu ina elektroni moja ya nje ambayo huishika kwa ulegevu, kama mtu aliyebeba mwavuli siku isiyo na mvua. Atomu ya klorini imepungukiwa na elektroni moja. Zikikutana, sodiamu hutoa na klorini hupokea. Iliyotoa hubaki na chaji chanya, iliyopokea huwa na chaji hasi, na chaji zinazotofautiana huvutana. Atomu iliyotoa au kupokea namna hiyo huitwa ioni. Na mvuto huo hauishii kwa wawili. Kila ioni ya sodiamu huzungukwa na klorini sita, juu, chini, kushoto, kulia, mbele na nyuma, na kila klorini nayo huzungukwa na sodiamu sita, safu juu ya safu, mpaka punje nzima inakuwa mchemraba. Ndiyo maana chumvi haiyeyuki hadi ipate joto la zaidi ya nyuzi mia nane. Ndiyo maana pia huvunjika. Ukiigonga, safu husogea, chanya hukutana na chanya, hasi na hasi, zinasukumana, na punje inapasuka wima kama iliyokatwa kwa kisu. Ikiwa kavu haipitishi umeme, kwa kuwa kila ioni imekaa mahali pake. Ikiingia majini, ioni huwa huru kutembea, na balbu huwaka.

Sukari na nta ni habari nyingine. Humo hakuna anayetoa wala anayepokea. Atomu hushirikiana elektroni, jozi kwa jozi, kama majirani wanaochota kisima kimoja kilichochimbwa mpakani. Vitabu huuita huu muungano wa kovalenti. Ndani ya molekuli mshikano ni imara, lakini molekuli na molekuli hushikana kidogo tu, basi moto wa wastani unatosha kuzitenganisha, na kwa kuwa hakuna mwenye chaji, balbu hubaki giza. Mchanga nao ni wa kushirikiana, ila kule ushirika hauna mwisho: silikoni kwa oksijeni, oksijeni kwa silikoni, punje nzima kama molekuli moja kubwa. Utaanzia wapi kuivunja?

Shaba ilibaki kuwa ugomvi wa nyumbani kwa Bi Chumvi. Katika metali kila atomu huziachia elektroni zake za nje ziwe mali ya wote, zizurure kati ya atomu bila kuulizwa zinakwenda kwa nani. Umeme hupita humo bila shida, na ukiigonga shaba haipasuki. Atomu zinasogea na bado zimeshikwa na elektroni zilezile za wote. Fundi umeme alikuwa akitangaza mbele ya wageni kwamba ndoa bora ni ya shaba.

"Chumvi ukiigonga inapasuka," alisema. "Shaba ukiigonga inakuwa waya. Sasa nani ana subira hapo?"

"Na shaba ukiitia majini inafanya nini?" mkewe akajibu bila kuinua macho. "Inakaa tu, kama wewe siku ya kufua."

Ubishi huo una miaka thelathini na mmoja na haujapata mshindi.

Katika mengi aliyotufanyia, walimu wakongwe hawausahau mwaka ambao maboksi ya kemikali hayakufika. Muhula ulianza, rafu zikabaki tupu, na mtihani wa vitendo ulikuwa unatungoja mbele. Bi Chumvi alikuja asubuhi moja na kapu. Ndani mlikuwa na chumvi ya jikoni, mishumaa, penseli zilizochongwa pande zote mbili, mabaki ya waya kutoka kwa mumewe, na chupa ya chai iliyojaa vipande vya barafu. Kwa kapu hilo tulifundisha mada nzima ya muungano wa atomu. Alipofika kwenye barafu aliwaomba wanafunzi wanyamaze wasikilize inavyolialia kwenye glasi. Akawaeleza kwamba molekuli za maji, mbali na ushirika wa ndani yake, hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa muungano dhaifu uitwao wa hidrojeni, unaokatika na kuungika tena kabla hujapepesa jicho. Maji yakiganda, molekuli hushikana kwa kuachiana nafasi, ndiyo sababu barafu huelea. Wanafunzi hamsini walinyamaza dakika tatu nzima, wakisikiliza glasi. Mwalimu Mkuu alipita dirishani akadhani wamesinzia, akaingia kuwakemea, naye akajikuta amesimama mlangoni, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Miongoni mwa waliokuwemo siku ile leo yumo mfamasia wa hospitali, mhandisi wa mitambo ya maji, na mwoka mikate ambaye bado hutuletea salamu kila muhula.

Sasa tuufikie mtungi.

Ulianza mwaka wake wa sita kazini, wiki aliyorudi baada ya kumzaa binti yake wa pekee. Alichomoa uzi kwenye pindo la koti lake jeupe, akafunga punje moja ya chumvi, akaining'iniza ndani ya maji ya chumvi na kuufunika mtungi kwa leso. Maji yalipopungua polepole kwa kukauka, ioni zilizokosa nafasi majini zilikwenda kukaa kwenye punje, kila moja ikitafuta upande wake. Punje ikawa fuwele, na fuwele ikakua.

Tangu hapo kila Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho, mlango wa maabara hufungwa polepole, fuwele isitikisike. Hiyo ni sheria isiyoandikwa popote, na hata Mwalimu Mkuu huitii. Bi Chumvi huitoa fuwele kwa koleo la mti, huchuja maji, huyarudisha, na kuongeza kidogo kutoka kwenye chupa ya kahawia iliyoandikwa kwa herufi kubwa MAJI YALIYOSHIBA, yaani maji yaliyokwisha kubeba chumvi yote yanayoweza kuibeba. Na kila Ijumaa ya mwisho wa mwaka huisimamisha fuwele ukingoni, akachora mstari wa penseli kwenye fremu ya dirisha kuonyesha kimo chake, kama wazazi wanavyopima watoto mlangoni. Risasi ya penseli, kama alivyozoea kuwakumbusha wanafunzi, ni kaboni iliyoungana kwa tabaka, na tabaka huteleza juu ya tabaka. Kila unapoandika, unaacha vipande vyake nyuma. Ipo mistari ishirini na minane kwenye fremu ile, wa kwanza ukiwa chini kabisa kwa kimo cha punje ya mchele, wa mwisho ukikaribia kimo cha kiberiti kilichosimamishwa.

Asubuhi zenye jua, fuwele ilitupa ukutani mraba mdogo wa mwanga. Mraba huo ulitembea. Kipindi cha kwanza ulikuwa karibu na mlango, kipindi cha pili kikiisha ulikuwa umefika ubaoni, na wanafunzi walioketi nyuma walijua saa kwa kuutazama. Wengi wetu tumewahi kupotelea ndani ya mwanga ule katikati ya sentensi, chaki mkononi, na darasa likatungoja kwa huruma.

Kamati ya kuaga ilipomwuliza anataka zawadi gani, alisema hataki kiti wala saa ya ukutani. Alitaka jambo moja: siku yake ya mwisho aikabidhi fuwele mkononi mwa mtu, mbele ya wote, na ibaki dirisha lilelile. "Nikijua ipo, nitalala," alisema. "Nikisikia imetupwa, nitakuja na koti langu." Tukacheka, tukaliandika kwenye ratiba: makabidhiano ya fuwele.

Mwanzoni mwa mwezi huu alichukua likizo yake ya mwisho, akaenda kukaa na binti yake aliyejifungua. Mtungi akauacha mikononi mwangu. Maelekezo yalikuwa mafupi: Ijumaa, maji yakipungua, ongeza kutoka chupa ya kahawia.

Kosa lililofuata lisingeweza kufanywa na mlinzi, wala na mwalimu wa historia. Lilihitaji mtu aliyesoma kemia kwa miaka mingi, na mtu huyo nilikuwa mimi. Ijumaa ile niliona maji yamepungua na chumvi imepanda juu ya uzi kama ukungu mweupe. Nikawaza kwamba fuwele hupenda usafi. Na ni kitu gani kisafi kuliko maji yaliyokenekwa, ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chochote ndani? Nikaipita chupa ya kahawia, nikamimina glasi nzima ya maji hayo, nikaufunika mtungi kwa leso, nikafunga mlango polepole, na nikaenda nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Maji yasiyo na chochote ndani yana njaa.

Jumatatu pembe za fuwele zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, na ule mraba ukutani umekuwa duara lenye aibu. Nilijiambia itatulia. Jumanne ilikuwa kama harage. Jumatano uzi ulining'inia peke yake, mweupe, umenyooka, na ukutani hapakuwa na kitu.

Mwalimu wa fizikia, ambaye ni mdogo wangu kwa miaka ishirini na hana huruma, alikuja kutazama. "Mzee wangu," alisema, "kamati ilipanga mstaafu mmoja. Wewe umeongeza wa pili: fuwele." Alipoona sicheki, aliondoka na kurudi na kipande cha kioo cha mraba alichokitoa kwenye taa ya zamani. "Tutundike hiki. Kinang'aa vilevile. Nani atakilamba?"

Nilimwambia kwamba aliyewahi kutenganisha chupa nne bila ulimi hatadanganywa na kioo cha taa. Ilibaki njia moja, ya kwenda kusema.

Nilimkuta Alhamisi alasiri kwa binti yake, ameketi kwenye mkeka kando ya dirisha, mjukuu amelala begani. Nilisalimu, nikapongeza, nikasifu nywele za mtoto, nikasifu hata pazia.

"Mwalimu," alinikatiza, "mbona umekaa kama mwanafunzi aliyevunja neli ya maabara? Sema."

Nikasema. Chupa, glasi, Jumatatu, Jumatano, uzi. Alinisikiliza bila kubadili mkono ulioshika mgongo wa mtoto. Nilipomaliza hakuuliza kwa nini wala ilikuwaje. Aliuliza swali moja tu.

"Umeyamwaga yale maji?"

Nilikuwa nimemwomba mwalimu wa fizikia aoshe vyombo vya maabara kwa ajili ya sherehe. Vyombo vyote, nilisema. Nikampigia simu.

"Usimwage!"

"Nisimwage nini?"

"Mtungi! Maji ya mtungi!"

Nilisikia bomba linatiririka upande wa pili. "Glasi nimeshamaliza," alisema taratibu. "Mtungi ndio nimeuinamisha sasa hivi."

"Uinue!"

"Nimeuinua. Mzee wangu, halikutoka hata tone. Nikae nao hivihivi mpaka lini?"

Bi Chumvi alicheka mpaka mtoto akastuka, kisha akamtuliza na kuanza kunieleza, kwa sauti ya kubembeleza ambayo sikujua ni ya mjukuu au ni yangu, jambo ambalo mimi mwenyewe nimelifundisha kwa miaka thelathini. "Hakuna kilichokufa humo, Mwalimu. Ioni zote zimo mtungini, hata moja haikutoka. Kila moja imezungukwa na maji tu, kama mgeni aliyezungukwa na wenyeji. Ukiwapunguza wenyeji, wageni wataonana tena."

Baadaye akatazama nje. "Lakini haitakuwa ileile," alisema. Akamhamishia mtoto bega la pili.

Kesho yake alikuja shuleni, ingawa alikuwa likizoni. Aliyapasha moto maji yale polepole mpaka kiasi cha glasi moja kikaondoka na mvuke, akayaacha yapoe. Akachomoa uzi mpya kwenye pindo la koti lilelile. Akafunga punje. Nilimwona akigusa kwa kidole mstari wa juu kabisa kwenye fremu, kisha akakiteremsha kidole mstari kwa mstari, bila haraka, hadi ule wa kwanza wa chini, na hapo akakiacha kidogo. Hakuchora kitu. Alisema mstari wa mwaka huu una siku yake.

Mwalimu wa fizikia alishauri tuyafute makabidhiano kwenye ratiba, kwa kuwa hakuna tena cha kukabidhi. Bi Chumvi alikataa. "Kwani mwaka wa kwanza ilikuwa kubwa?" aliuliza. Tulipomwuliza atamkabidhi nani, tukidhani atamtaja Mwalimu Mkuu, alinitaja mimi. Kamati ikaguna. "Huyo ndiye pekee," alieleza, "ambaye hatakosea chupa tena maisha yake yote."

Kwa hiyo leo, wageni waalikwa, mtakapoona mtunza maabara anasimama mbele yenu na kuweka mkononi mwa mwalimu mzee uzi wenye kitu kidogo ambacho wa viti vya nyuma hawatakiona, msidhani tumesahau kuleta zawadi. Punje ile ina wiki mbili. Ina pembe kali, na kimo chake ni punje ya mchele. Mstari wa ishirini na tisa utachorwa chini kabisa ya fremu, ubavuni mwa ule wa kwanza, na penseli itabaki nami.

Jana asubuhi nilifika kabla ya kengele. Jua lilikuwa limeingia, vumbi linaelea, bomba la tatu linahesabu matone yake. Nilitazama ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mraba wa mwanga ulikuwa ukianzia safari yake. Palikuwa na nukta. Nilisimama kuitazama mpaka kengele ikalia, na ilipolia, nukta ilikuwa imesogea.

Bi Chumvi, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi, wa sasa na waliokwisha kwenda zao, tunakushukuru kwa lebo zenye herufi kubwa, kwa kapu la mwaka wa rafu tupu, na kwa kidole kimoja kilichookolewa kisifike mdomoni. Tunamshukuru fundi umeme kwa waya aliokubali usirudi. Tunakuombea afya njema, mjukuu mwenye maswali mengi, na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Nenda ukalale usingizi wako. Ijumaa ijayo, baada ya kipindi cha mwisho, tutafunga mlango polepole.